Niliinua mkono kanisani kuahidi kura yangu, sasa dhamiri inanisuta

Shangazi, Bwana asifiwe.

Nina miaka 44, mama wa watoto watatu, na naishi katika mji mdogo kaunti ya Nakuru. Niliokoka nikiwa kidato cha tatu. Mume wangu ni mzee wa kanisa, nami ni mhazini wa ushirika wa akina mama. Kuna jambo limeninyima usingizi na sina wa kumweleza, kwa maana wote ambao ningewaambia ni wa kanisa hilo hilo.

Jumapili moja tulitembelewa na mheshimiwa anayetafuta kiti cha ubunge mwaka 2027. Aliingia wakati wa sifa na msafara mrefu. Wakongwe wetu waliokuwa viti vya mbele waliinuliwa ili watu wake wakae. Baada ya mahubiri akapewa kipaza sauti. Akatoa mabati ya kumalizia jengo la shule ya Jumapili, pamoja na bahasha ya akina mama. Kwa kuwa mimi ndiye mhazini, niliitwa mbele nikaipokea kwa mikono miwili huku watu wakipiga vigelegele. Kisha pasta akamwekea mikono kichwani, akasema Mungu amemwonyesha kwamba huyu ndiye mpakwa mafuta wake kwa eneo letu, na atakayempinga anashindana na Mungu. Akatuambia tusimame, tuinue mkono wa kulia na tuahidi mbele za Bwana kwamba kura zetu ni zake. Kanisa zima lilisimama. Nami nikainua.

Shangazi, mtu huyu namjua. Alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji wa kijiji chetu, nami nilikuwa kwenye kamati. Kila nyumba ilichanga. Bomba lilifika nusu ya njia, likaishia kwenye shamba la mtu. Vitabu vya hesabu tuliviomba, tukaviomba tena, na hatujaviona hadi leo. Maji bado nanunua kwa mitungi, ya mkokoteni.

Mpinzani wake mkubwa ni mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, aliyewafundisha wanangu wawili. Ni Mwislamu. Pasta anasema akichaguliwa ataleta mahakama ya kadhi mpaka huku kwetu, na kwamba Mkristo anayempa Mwislamu kura ameuza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kama Esau.

Nilipomdokezea mume wangu kwamba moyo wangu hauko kwa mheshimiwa, alisema nyumba ya mzee wa kanisa haiwezi kugawanyika, kura ya nyumba hii ni moja, na isitoshe niliahidi mbele za Mungu. Kijana wetu wa miaka 20, ambaye hajakanyaga kanisani tangu yale maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya mswada wa fedha, aliniuliza tukiwa mezani: "Mama, ile bahasha ilikuwa pesa za nani?" Sikuwa na jibu.

Je, nimefungwa na ile ahadi? Nikimpigia kura Mwislamu nimetenda dhambi? Na mume wangu nimwambie nini?

Mwenye Nadhiri, Nakuru

SHANGAZI ANAJIBU

Amina, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nitaanza na ile ahadi, kwa kuwa ndiyo inayokunyima usingizi.

Najua andiko linalokutisha. Kitabu cha Mhubiri kinasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe. Hilo ni neno la Mungu na silipunguzi. Lakini Biblia hiyo hiyo inamjua mtu aliyeapa kwa midomo yake pasipo kufikiri. Fungua Mambo ya Walawi sura ya 5, kuanzia mstari wa 4. Mtu wa namna hiyo, akishatambua alichofanya, anaambiwa aungame na kuleta sadaka yake kwa kuhani. Haambiwi aende akakitimize kile alichoapa bila kufikiri. Halafu soma Marko sura ya 6. Herode aliapa mbele ya wageni wake kwamba binti aliyecheza mbele yao angepewa chochote atakachoomba. Alipoombwa kichwa cha Yohana Mbatizaji alihuzunika sana, ila kwa ajili ya kiapo chake na kwa ajili ya wale walioketi naye, hakutaka kumkatalia. Akakitimiza kiapo, nabii akachinjwa. Hakuna mhubiri niliyewahi kumsikia akimsifu Herode kwa uaminifu wake.

Wewe uliinua mkono kwa sababu kanisa zima lilikuwa limesimama, mumeo akiwa mbele, nawe umetoka tu kupokea bahasha. Hukupewa hata dakika ya kufikiri. Omba, ungama kwa Mungu kwamba uliahidi jambo ambalo hukupaswa kuombwa, kisha uliache hapo. Ukiona bado linakuchoma, nenda kwa pasta siku ya kazi, ofisini kwake, umwambie kwa heshima kwamba ile ahadi umeitoa mikononi mwako. Huna haja ya kumwambia utampigia nani.

Na sasa niseme linalonikereketa mimi. Wewe ulikuwa mtoto mdogo, pengine hulikumbuki neno mlolongo. Mwaka 1988 uteuzi wa wagombea wa KANU, chama tawala cha wakati ule, ulifanywa kwa watu kupanga foleni hadharani, kila mmoja nyuma ya mgombea wake au picha yake. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alipita moja kwa moja bila kura ya siri. Palikuwa na mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuwa ndiyo ndefu, na watu wamesimama wanatazamana. Unajua ni nani waliopinga jambo hilo tangu lilipopendekezwa mwaka 1986? Baraza la Kitaifa la Makanisa, NCCK. Walisema Mkristo asilazimishwe kuonyesha chaguo lake mbele ya jirani, mwajiri na chifu, na mchungaji hawezi kusimama nyuma ya mgombea mmoja kisha Jumapili awe mchungaji wa watu wote.

Wengine waliupinga hadi ukawagharimu. Askofu David Gitari wa Kanisa la Kianglikana alihubiri dhidi ya mlolongo na wizi wa kura Kirinyaga, na usiku mmoja wa Aprili 1989 wavamizi wakaja nyumbani kwake kuvunja milango. Alipanda juu ya paa akapiga mayowe mpaka majirani wakaja kumwokoa. Mwaka uliofuata, Agosti 1990, Askofu Alexander Muge wa Eldoret aliambiwa na waziri mmoja kwamba akikanyaga Busia huenda asitoke akiwa hai. Alikwenda. Alikufa siku hiyo hiyo katika ajali ya barabarani, njiani akirudi.

Kura ya siri utakayopiga 2027, mwanangu, wachungaji wa nchi hii waliitetea kwa jasho na machozi. Kwa hiyo mchungaji anapowasimamisha waumini na kuwaambia wainue mikono kuonyesha watampigia nani, ameurudisha mlolongo, tena ndani ya nyumba ya Mungu. Hilo linaniuma kuliko bahasha.

Tena sheria iko upande wako. Katiba katika kifungu cha 38 inampa kila raia haki ya kuchagua kwa uhuru na kwa kura ya siri. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016, inapokataza kumshurutisha mpiga kura, inataja pia vitisho vya madhara ya kiroho. Walioitunga waliijua nguvu ya neno la mtumishi kwa muumini. Kumwambia mtu "ukimpinga huyu unashindana na Mungu" ni kulikaribia sana kosa hilo. Sikuambii umshtaki pasta wako. Nakuambia tu kwamba woga ulioupata pale ni jambo ambalo hata serikali inalitambua, wala si udhaifu wa imani yako.

Tuje kwa huyo mpakwa mafuta. Andiko linalotumiwa kila mara ni Zaburi ya 105, "msiwaguse masihi wangu", yaani wapakwa mafuta wangu. Rudi nyuma mistari michache uone inazungumzia nani. Ni Ibrahimu, Isaka na Yakobo, watu wachache, wageni, wakitangatanga toka taifa moja hadi jingine. Zaburi inasema Mungu hakumwacha mtu awaonee, hata wafalme aliwakemea kwa ajili yao. Yaani wanaoonywa ni wakubwa, na wanaolindwa ni wanyonge wasio na ardhi. Leo andiko limegeuzwa: mkubwa analindwa nalo, na mama anayenunua maji ya mitungi ndiye anayekemewa. Na Daudi, ambaye kweli alipakwa mafuta na nabii Samweli, alipomchukua mke wa Uria, nabii Nathani alimwendea akamwambia usoni, "Wewe ndiwe mtu huyo." Kupakwa mafuta hakukumwondolea Daudi swali.

Ukitaka jibu la swali lako la pili, soma Isaya 45. Hapo Bwana anamwita Koreshi masihi wake, naye ni mfalme wa Uajemi, mtu ambaye Mungu mwenyewe anasema juu yake, "ijapokuwa hukunijua". Alitumika kuwarudisha Wayahudi kwao. Basi Mungu hakosi njia kwa kuwa kiongozi si wa dini yetu. Kiti cha ubunge si madhabahu. Hatumchagui mtu atuongoze katika ibada. Tunamchagua atunge sheria, aikague serikali, na aseme shida zetu Bungeni. Katiba, kifungu cha 8, inasema hakutakuwa na dini ya serikali. Jirani zetu Watanzania walianza na Nyerere Mkatoliki, akamwachia Mwinyi Mwislamu mwaka 1985, akafuata Mkapa Mkristo, akaja Kikwete Mwislamu, na makanisa yao yakaendelea kujaa.

Na kadhi? Mahakama za kadhi zimekuwa ndani ya katiba yetu tangu uhuru. Kifungu cha 170 kinazipa mamlaka juu ya ndoa, talaka, urithi na hadhi ya mtu, pale tu ambapo wote wanaohusika ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mahakama hiyo haiwezi kukuita wewe. Mbunge mmoja hawezi kubadilisha hilo hata akitaka. Anayewatisha akina mama kwa kadhi ama hajasoma kifungu, ama amekisoma akanyamaza.

Kadhi huyu si mgeni katika hofu zetu. Kwenye kura ya maamuzi ya Agosti 4, 2010, maaskofu Wakatoliki na NCCK waliwaambia waumini waikatae katiba mpya kwa sababu ya mahakama za kadhi na kifungu cha uavyaji mimba. Walisema kwa dhamiri yao, nami nawaheshimu. Katiba ikapita kwa karibu asilimia 67, katika nchi ambayo Wakristo ni zaidi ya watu wanane kwa kila kumi. Hesabu hiyo maana yake ni kwamba mamilioni ya Wakristo walipima, wakaomba, wakapiga kura tofauti na viongozi wao, na Jumapili iliyofuata wakaenda kushiriki meza ya Bwana nao. Sikusikia aliyetengwa.

Usinielewe kwamba imani uiache nje ya kituo cha kura. Hapana, ingia nayo! Mtu anayesema dini ikae kando ya siasa hajui Muge alifia nini. Lakini imani inakupa vipimo, haikupi jina la mgombea. Yethro alimwambia Musa achague watu wenye uwezo, wenye kumcha Mungu, watu wa kweli, wenye kuchukia mapato ya udhalimu. Shika hilo la mwisho. Wewe ulikuwa kwenye kamati. Ulichanga, ukaomba vitabu, ukanyimwa. Huo si uvumi wa sokoni, ni jambo uliloliona kwa macho yako, na Mungu hakukupa macho ili siku ya kura uyafumbe. Mpe nafasi ya kujibu hata hivyo. Akirudi kijijini kuomba kura, msimame watu watatu wanne mliokuwa kwenye kamati, mmuulize mbele ya watu, bila matusi: hesabu za mradi wa maji ziko wapi? Akizileta na zikawa safi, mpime upya kwa haki.

Na mwalimu naye asipite bure kwa sababu alifundisha wanao vizuri. Mwulize atasimamiaje basari, atafanya nini kuhusu maji, shule aliyoiongoza iliacha hesabu za namna gani. Pengine utagundua kwamba hata yeye hatoshi, na kuna wa tatu. Tena utapewa karatasi sita siku hiyo, za rais, gavana, seneta, mwakilishi wa kike, mbunge na mwakilishi wadi. Kila moja iombee na ipime peke yake.

Kuhusu mabati na bahasha, usibebe deni lisilo lako. Alichotoa mtu kanisani amemtolea Mungu, na kama alikuwa ananunua, basi alikosea duka. Hapa nina neno na mhazini. Iandike ile bahasha kwenye kitabu cha ushirika kama ilivyo: tarehe, kiasi, aliyetoa. Kisha katika kikao cha akina mama pendekeza kwamba kuanzia sasa mwanasiasa atoe sadaka kwenye kikapu kama muumini mwingine, bila kipaza sauti, na asiondolewe mzee yeyote kitini kwa ajili yake. Ukiambiwa unaleta maasi, waambie hujabuni wewe. Septemba 2021, pale Butere, siku alipotawazwa Askofu Rose Okeno, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Kianglikana aliwanyima wanasiasa mimbari, na vigogo wa siasa walikuwa wamekaa pale pale. Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Kanisa Katoliki, Nairobi, aliagiza zirudishwe fedha ambazo Rais na gavana walizitoa katika parokia ya Soweto. Kama dayosisi kuu inaweza kurudisha fedha za Rais, ushirika wa mji mdogo unaweza kukataa kipaza sauti.

Sasa mumeo. Naye namwonea huruma. Mzee wa kanisa anabanwa na pasta upande mmoja na heshima yake upande mwingine, na pengine ameshaulizwa kuhusu msimamo wa nyumba yake. Usimkabili Jumapili baada ya ibada, wala mbele ya watoto. Tafuta jioni tulivu. Mwambie: "Baba watoto, katika nyumba hii wewe ni kichwa na ninakuheshimu. Lakini kwenye kile kibanda naingia peke yangu, na siku ya hukumu nitaulizwa peke yangu. Sitakusema vibaya kwa watu, wala sitafanyia kampeni mtu mwingine. Naomba tu usinitake niahidi." Usimdanganye kwamba utampigia mheshimiwa. Uongo huo utakaa kati yenu muda mrefu kuliko uchaguzi wenyewe. Akikuuliza ulimpigia nani, una haki ya kusema kwamba kura ni siri, ukaendelea kupakua chakula. Hata Paulo anaposema wake wawatii waume zao, haandiki kwamba dhamiri ya mke imehamia kwa mume. Safira alikubaliana na mumewe Anania katika jambo la uongo, na umoja wao haukumwokoa. Petro alimuuliza swali lake yeye mwenyewe.

Tena mkumbushe jambo ambalo mtu wa Nakuru hahitaji kusimuliwa. Baada ya uchaguzi wa 2007 waliuawa zaidi ya watu 1,100 katika nchi hii. Siku ya mwaka mpya wa 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, wengi wao akina mama na watoto, walichomewa humo ndani. Februari mwaka ule NCCK wakatoka hadharani wakaomba radhi, wakakiri kwamba viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea pande, na kwa hiyo hawakuweza kusimama kati ya watu. Waumini wa kanisa moja walikuwa wameomba Mungu mmoja ashindishe watu wawili tofauti, na wachungaji wao wakiwasaidia. Mumeo akiwa mzee wa kanisa, kazi yake 2027 ni kuhakikisha kwamba jirani aliyepigia upande mwingine akikimbia usiku, atabisha mlango wa kanisa lenu bila woga. Mtu huyo atabishaje kama mliinua mikono?

Kijana wako ameuliza swali zuri kuliko yote yaliyomo kwenye barua. Usimjibu kwa andiko. Mjibu ukweli, kwamba hujui pesa zile zilitoka wapi na kwamba ulipaswa kuuliza kabla ya kupokea. Mwonyeshe kitabu cha ushirika na vile ulivyoandika. Mwambie habari za Gitari juu ya paa, maana vijana wengi waliochukizwa na kanisa mwaka 2024 hawajui kwamba kanisa hili liliwahi kupigwa kwa sababu hizo hizo zilizowatoa wao barabarani. Usimlazimishe kurudi ibadani. Muulize kwanza kama ameshajiandikisha kupiga kura, na kama bado, mfuatane na kitambulisho chake hadi ofisi ya tume ya uchaguzi, IEBC, ya eneo bunge lenu. Huo utakuwa uchaguzi wake wa kwanza.